Waya Kwanza, Dishi Baadaye: Kubadilisha Nyaya za Televisheni ya Setilaiti Ndani ya RV

Anayenunua RV iliyotumika, yaani gari la safari lenye vyumba vya kulala na kupikia, hapa Marekani hukagua injini, matairi, paa na jenereta, na anafanya vyema, lakini ni wachache wanaofungua kabati lililo juu ya kioo cha mbele kuona nyaya za televisheni zilivyopita. Yetu ilitengenezwa Indiana mwaka 2003, miaka sita kabla vituo vikubwa vya Marekani havijazima matangazo ya analojia mwezi Juni 2009. Ndani ya kabati hilo palikuwa na kisanduku cha vitufe vya kuchagua antena, kebo, setilaiti au mkanda wa video, na rundo la nyaya nyeusi zisizo na alama yoyote. Mwenye gari wa kwanza alikuwa ameondoa televisheni nzito ya zamani na kuweka bapa, kisha akafunga juu ya paa dishi la kisasa la kujitafutia setilaiti, lile linalokaa ndani ya kuba la plastiki. Alichokiacha kama kilivyokuwa ni nyaya. Dishi la kisasa lilikuwa limeunganishwa kwenye waya wa mwaka 2003, na shida zetu zote zilianzia hapo.

Mimi na mke wangu tunaishi Columbus, Ohio, na mapumziko yetu mengi huwa Hocking Hills au ng'ambo ya mpaka, kwenye milima ya West Virginia. Katika maeneo yanayozunguka darubini ya redio ya Green Bank, minara ya simu ni haba kwa sababu eneo hilo lilitengwa mwaka 1958 kuwa eneo la utulivu wa mawimbi ya redio. Simu hazishiki, na televisheni ya mtandaoni haipatikani. Dishi la televisheni hupokea tu, halirushi chochote, hivyo linafaa kabisa mahali kama hapo. Wengi huniuliza kwa nini sikuweka intaneti ya setilaiti, na jibu langu ni kwamba kwa watu wanaotaka taarifa ya habari na mpira jioni, bili yake ya kila mwezi ni kubwa mno.

Hali tuliyoikuta ilikuwa hivi. King'amuzi kilichochomekwa kwenye tundu la ukutani la setilaiti kilionyesha kwamba setilaiti imepatikana, kisha baada ya muda mfupi kikasema imepotea. Kuba lilisikika likizunguka, likisimama, likianza upya. Baadhi ya chaneli zilikuja kwa kukatikakatika, na nyingine hazikuonekana kabisa. Karakana tuliyokwenda ilitutoza dola 180 za uchunguzi ambao, kwa macho yangu, haukuvuka kutazama asilimia za mawimbi kwenye skrini, kisha ikatuandikia makadirio ya zaidi ya dola 2,000 kwa kuba jipya pamoja na ufundi. Hakuna fundi aliyegusa waya hata mmoja. Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo, nikifikiria kulifuta wazo zima na kuridhika na antena.

Aliyenizuia ni mzee mmoja tunayesali naye, ambaye alifunga madishi Dar es Salaam kwa miaka mingi kabla ya kuwafuata wanawe huku. Nilipomweleza, hakuuliza dishi ni la kampuni gani.

“Mwanangu, umelijaribu dishi bila waya wa gari?”

“Bado, Mzee.”

“Basi hujui kama ni bovu, na hao waliokuandikia bei nao hawajui. Panda juu, vua waya wa gari, funga waya mpya mfupi, uupitishe dirishani mpaka kwenye king'amuzi. Ukipata picha, dishi lako ni zima.”

Waya wa mita chache wa RG-6, aina ya waya wa kusafirishia mawimbi ya televisheni, wenye konekta tayari huuzwa kwa bei ndogo katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Nilizima king'amuzi na kuking'oa kwenye umeme kabla ya kugusa konekta, kwa kuwa king'amuzi hupeleka umeme juu kupitia waya huohuo, na mguso mdogo wa uzi wa kati na wavu wa nje unatosha kukiunguza. Nilipanda na kuunganisha, mke wangu akakaa ndani akinisomea namba kwa sauti kupitia dirishani. Kuba lilizunguka mara moja, likasimama, na namba zikatulia bila kuanguka tena. Chaneli zote zilikuja. Kwa mtu aliyekwishaambiwa kwamba dishi limekufa, ilikuwa furaha kubwa, na ilikuwa pia hasira, kwa sababu jaribio hilo lingeweza kufanywa karakana kabla ya mtu kushika kalamu ya makadirio.

Sababu ya waya wa zamani kushindwa inafaa kueleweka, kwa kuwa ndiyo inayokuongoza ununue nini. Mawimbi ya televisheni ya setilaiti tunayotumia hushuka yakiwa kwenye gigahezi 12 na kitu, masafa ambayo waya wa kawaida hauwezi kuyasafirisha, kwa hiyo LNB, kile kipokezi kidogo kinachokaa mbele ya dishi, huyashusha hadi kati ya megahezi 950 na 2,150 kabla ya kuyaingiza kwenye waya. Nyaya za RV za miaka ile zilitandazwa kwa ajili ya antena na kebo ya kambini (televisheni ya waya inayotolewa na kambi), ambazo hazivuki megahezi 1,000. Waya wenyewe ulikuwa RG-59, ambao uzi wake wa kati ni mwembamba kuliko wa RG-6, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo unavyopoteza mawimbi zaidi kwa kila mita. Juu ya hayo, waya wa setilaiti una kazi mbili, kuleta picha chini na kupeleka umeme juu. King'amuzi hutuma volti 13 au 18 za mkondo mnyoofu, na kwa LNB nyingi volti 13 huchagua kundi moja la mawimbi na volti 18 kundi jingine. Umeme ukipungua njiani, unaweza kupoteza nusu ya chaneli huku nusu nyingine zikionekana vizuri kabisa, jambo linalomfanya mtu aape kwamba king'amuzi ndicho kibovu. Kuba la aina yetu hutegemea umeme huohuo hata kwa kuzungusha mota yake, ndiyo maana lilikuwa likianza upya kila mara.

Hata RG-6 si zote sawa. Nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini zina uzi wa kati wa chuma uliopakwa shaba juu. Kwa mawimbi zinatosha, kwa sababu mawimbi ya masafa ya juu husafiri kwenye ngozi ya uzi, lakini kwa umeme wa kulisha kuba, chuma hicho kina ukinzani mara kadhaa wa shaba tupu. Njia ya kutambua ni rahisi: sogeza sumaku kwenye ncha ya uzi. Ikiushika, ni chuma. Nilinunua roli la futi 250 lenye shaba tupu kwa dola 95, na ingawa tulitumia chini ya nusu yake, sijutii.

Kabla ya kuvuta kitu chochote ilitupasa kujua kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi, na hapa ndipo ninapomsihi msomaji asiharakishe. Tulichokifanya ni kufungua nyaya zote kutoka kwenye vifaa vyake, kuunganisha kwa muda uzi wa kati na wavu wa nje kwenye ncha moja, halafu kupima kila ncha nyingine kwa mita ya umeme mpaka moja ilie. Kila waya uliotambuliwa ulifungwa utepe mweupe wenye jina lake. Ilikuwa kazi ya kupiga magoti, kuingiza kichwa chini ya vitanda na kung'oa droo, na ilituonyesha mambo ambayo hakuna mchoro wa kiwandani ungeyaonyesha. Nyuma ya droo za kabati la nguo palikuwa na splita, kifaa cha kugawa mawimbi kwenye nyaya kadhaa, iliyofungwa kwa skrubu ukutani, na kwenye bati lake kulikuwa na maandishi madogo yanayosema megahezi 5 hadi 1,000. Waya wa setilaiti ulipita humo. Karibu na mlango, pini ya kushikilia waya ilikuwa imepigiliwa kwa nguvu mpaka imeubana waya ukawa bapa. Na kwenye kisanduku cha nje, karibu na bomba la maji, konekta ya tundu la setilaiti ilipofunguliwa ilikuwa na ukungu wa kijani, na uzi wa kati ulikatika mikononi mwangu kama kijiti kikavu.

Yupo mwenye kufikiri kwamba ataondoa splita, abadilishe konekta, na nyaya nyingine azibakize. Inawezekana ikafaa kwa muda. Mimi niliona ni afadhali waya wa setilaiti uwe mmoja, mzima, usio na kiungo cha katikati, kutoka kwenye dishi hadi nyuma ya king'amuzi, na mfumo wa zamani ubaki na kazi yake ya antena na kebo ya kambini. Mifumo hii miwili isichanganywe kamwe. Antena ya paa ya RV nyingi ina kikuza mawimbi kinacholishwa umeme wa volti 12 kutoka kwenye kibao kidogo cha ukutani chenye kitufe na taa, na waya wa setilaiti ukipitishwa kwenye kibao hicho, au kwenye kisanduku cha vitufe vya kuchagua, mawimbi yake huishia hapo.

Swali gumu likawa njia. Kuta za RV nyingi ni fremu za alumini zilizojazwa povu gumu na kugandishwa kwa gundi pande zote mbili, na waya uliowekwa humo kiwandani hauvutiki. Tulijaribu kuutumia waya wa zamani kama kamba ya kuvutia mpya, haukusogea hata kidogo. Kutoboa paa upya sikutaka, kwa kuwa kila tundu la paani ni nafasi ya maji kuingia miaka ijayo. Mzee ndiye aliyetuonyesha kifuniko cha plastiki kilicho paani, juu ya jokofu. Jokofu la RV linalotumia gesi lina nafasi nyuma yake inayopanda moja kwa moja mpaka paani ili kutoa joto, na waya unaweza kushuka humo bila kutoboa paa.

Njia hiyo ina masharti mawili, na yote ni ya usalama. La kwanza, waya ukae mbali na bomba la moshi na kichomeo cha gesi. Tuliushikiza kwenye ukuta wa upande mwingine kwa vibanio vya chuma vyenye mpira, si vya plastiki vinavyolainika kwa joto. La pili ni zito zaidi. Nafasi ile imezibwa isiwasiliane na chumba mnacholala, kwa sababu moto wa gesi hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Tundu lolote utakalotoboa kuuingiza waya kwenye kabati lizibwe kabisa kwa gundi inayostahimili joto, na king'ora cha kaboni monoksidi kijaribiwe siku hiyohiyo. Kwa mwenye jokofu lililo katika sehemu ya gari inayosukumwa nje wakati wa kuegesha, njia hii ina utata, kwa kuwa waya lazima ucheze na sehemu hiyo kila inapoingia na kutoka, na mimi ningemshauri atafute njia nyingine.

Kuhusu konekta nitasema kwa kirefu, maana mafundi wengi huzipuuza. Konekta za kubana kwa koleo la kawaida hulegea kwa mtikisiko wa barabara. Zinazofaa ni zile zinazoshindiliwa kwa koleo maalumu, ambalo lilinigharimu dola 35 pamoja na kifaa cha kumenyea. Menya ganda la nje, kunja nyuzi za wavu zirudi nyuma juu ya ganda, kisha uukague mwili mweupe unaozunguka uzi wa kati kwa jicho na kwa ncha ya kidole, kwa sababu unyuzi mmoja wa wavu uliobaki ukigusa uzi wa kati unatosha kuzima mfumo mzima. Sukuma konekta mpaka mwili mweupe uwe sawasawa na sakafu yake ya ndani, na uzi wa kati uchomoze milimita 3 hivi kupita mdomo wake. Shindilia. Kaza kwa vidole, halafu malizia robo ya mzunguko kwa spana ya inchi 7/16. Viungo vya kike vya ukutani navyo vibadilishwe viwe vya gigahezi 3, ambavyo vingi huwa na plastiki ya buluu katikati.

Paani, waya uliachiwa kitanzi kinachoning'inia kidogo kabla ya kuingia chini ya kifuniko, ili maji ya mvua yadondoke badala ya kuufuata waya ndani. Paa letu ni la mpira, na kwa paa la namna hiyo gundi sahihi ni ile ya kujisawazisha inayotengenezwa kwa paa za RV, kama Dicor. Silikoni ya kawaida ya bafuni haishiki vizuri kwenye mpira, na ikishakauka hakuna gundi nyingine inayokubali kushika juu yake. Pandeni siku kavu, wekeni ubao wa plaiwudi wa kukanyagia, na mtu mmoja abaki chini akishika ngazi.

Tulipokuwa bado tumefungua makabati, tulivuta waya wa pili kutoka kwenye kisanduku cha nje cha bomba la maji, ukipita katika nafasi ya mizigo chini ya sakafu, mpaka kabati lilelile la mbele. Sababu yake ni miti. Dar es Salaam, dishi la DStv linalotazama nyuzi 36 Mashariki huelekea karibu utosini, kiasi cha nyuzi 81 juu ya upeo, na mwembe wa jirani haulisumbui. Kutoka Columbus, setilaiti ya DISH, kampuni ya televisheni ya setilaiti ya hapa, iliyo nyuzi 119 Magharibi iko kusini-magharibi kwa mwinuko wa nyuzi 31 tu, na ile ya 129 iko nyuzi 24. Kwa mwinuko huo, mwaloni ulio mbali na gari unaweza kuziba kila kitu, na kambi nzuri za Ohio ni zile zenye miti. Waya wa pili unaniwezesha kuvua kuba, ambalo ni la kubebeka, na kuliweka chini kwenye uwazi. Kila ninapohifadhi nafasi kambini huomba sehemu iliyo wazi upande wa kusini-magharibi, na wahudumu huelewa bila maelezo marefu.

Mfumo wa kuba una mpaka wake ambao muuzaji hatautaja: huangalia setilaiti moja kwa wakati mmoja. Ukihamia chaneli iliyo kwenye setilaiti nyingine, linageuka, na unasubiri. Mwenye kutaka kurekodi kipindi kimoja na kutazama kingine kilicho kwenye setilaiti tofauti anahitaji dishi la wazi la miguu mitatu linalotazama setilaiti zote kwa pamoja, ambalo ni rahisi kwa bei lakini linadai subira ya kulielekeza kila mnapoegesha. Sisi wawili hatuna haja hiyo. Chumbani tulipeleka waya wa HDMI kutoka kwa king'amuzi kilekile, na televisheni zote mbili huonyesha chaneli moja.

Roli la waya, koleo, konekta, viungo, gundi ya paa, vibanio na waya wa HDMI kwa jumla vilifika dola 260 hivi, ukiacha dola 180 za karakana ambazo hazikurudi. Mzee alikataa malipo, tukampelekea mchele na samaki. Malipo ya chaneli ni ya mwezi kwa mwezi, na tunayasitisha majira ya baridi gari linapoegeshwa. Kumbukeni kwamba chaneli za vituo vya mji hurushwa kwa miali inayolenga eneo dogo. Mkisafiri mbali, zile za Columbus hupotea hata kama mawimbi ni mazuri, na dawa yake ni kuipigia kampuni simu na kubadilisha anwani ya huduma iwe ya kambi mliyofikia. Pigeni kabla hamjaingia mahali ambapo simu haishiki.